Planktoni za delta ya Lena: ni joto, au ni maji yenyewe yamebadilika?

Chembechembe_Dar

Wakuu habari za jioni, na wakubwa zangu shikamooni.

Naandaa tasnifu ya uzamili hapa Dar. Sura moja ni uchambuzi wa takwimu huria za planktoni (viumbe wadogo wanaochukuliwa na maji) kutoka delta ya mto Lena, kaskazini mwa Siberia, pale mto unapoingia Bahari ya Laptev. Sura inayofuata ni delta ya Rufiji, ambako nitachota sampuli kwa mbinu zinazolingana na hizo. Nimekwama sehemu nne.

Kwanza, kwenye majedwali ya Lena, Julai ya mwaka mmoja imejaa diatomu (mwani wenye gamba la silika, kama kioo) za jenasi Aulacoseira. Julai ya mwaka mwingine diatomu zimepungua sana, rotifera (wanyama wadogo wa kuonekana kwa hadubini) na sianobakteria (bakteria wanaotumia mwanga kama mimea) wamepanda, na maji yalikuwa na joto zaidi kwa nyuzi tatu hivi. Msimamizi wangu anasema niandike "ongezeko la joto" niendelee. Mimi naona tunakimbilia jibu.

Pili, namba za upitishaji umeme (kipimo cha madini yaliyoyeyuka) za Lena ziko chini mno. Baadhi ya majedwali yanasema zimerekebishwa kwa nyuzi 25, mengine yako kimya. Naweza kuziweka kwenye grafu moja na zangu?

Tatu, kwa Rufiji nitumie wavu wa matundu gani, nichuje lita ngapi, nihifadhi kwa dawa gani?

Nne, sampuli za majaribio za mdomo wa Msimbazi zina tope kiasi kwamba chini ya hadubini ni mchanga tu na weusi.

Mkondo_Mkuu

Marahaba. Msimamizi wako anaweza akawa sahihi, lakini kwa ulichoeleza hakuna anayeweza kujua. Umelinganisha tarehe mbili za kalenda, na mto hauna kalenda.

Lena huganda Oktoba, na barafu ya deltani huvunjika mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni. Mwezi Aprili maji yanayopita Kyusyur, kituo cha vipimo kilicho juu ya delta, huwa yameshuka hadi mita za ujazo elfu chache tu kwa sekunde. Wiki chache baadaye kilele cha mafuriko huvuka 100,000. Wastani wa mwaka ni kama 17,000, ila wastani huo hauna kazi yoyote kwa mtu wa planktoni. Theluji ya bonde la karibu kilomita za mraba milioni 2.5 inateremka kwa mkupuo mmoja, baridi, rangi ya chai, imebeba mchanga, magogo na kaboni ya mimea iliyooza.

Sasa chukua Julai 10. Kama kilele kilifika Mei 28, hiyo ni siku ya 43 baada ya kilele. Kama kilifika Juni 12, ni siku ya 28 tu. Mto ule ule, tarehe ile ile, lakini maji mawili tofauti: moja bado lina tope na baridi, jingine limetulia, limepata mwanga na joto. Hizo nyuzi tatu zako zinaweza kuwa ni tofauti ya umri wa mafuriko, si mabadiliko ya hali ya hewa. Au yote mawili, kwa sababu barafu kuvunjika mapema nako kunatokana na joto. Ndiyo maana lazima uvitenganishe kabla ya kuandika sentensi hata moja.

Jambo la pili ambalo wengi hulipita haraka ni muda wa maji kukaa. Mkondo wa mita 1 kwa sekunde husafiri kilomita 86 kwa siku. Kutoka kisiwa cha Stolb, delta inapoanza kugawanyika, hadi baharini ni kilomita mia na ushee kutegemea mkondo uliofuata. Kwa hiyo wakati wa maji mengi chembe inapita delta nzima kwa siku moja na nusu au mbili. Diatomu kwenye maji ya nyuzi 5 inahitaji siku kadhaa kuongezeka mara mbili. Maana yake, unachokichota katikati ya mkondo wa Trofimovskaya au Bykovskaya hakikuzaliwa deltani. Kimetoka juu, au kimesukumwa kutoka kwenye maziwa na vijito vya pembeni. Ukikihusisha na joto ulilolipima hapo hapo ulipochota, umehusisha abiria na hali ya hewa ya kituo anachopita.

Deltani kuna angalau maji ya aina nne, na kila moja lina wakazi wake. Mikondo mikubwa ina Aulacoseira, Asterionella na vipande vya diatomu zinazoota kwenye mawe, zilizong'olewa chini. Mikondo ya pembeni iliyotulia baada ya mafuriko ndiyo mashamba halisi: hapo rotifera kama Keratella na Polyarthra huzaana kwa siku chache, na sianobakteria kama Aphanizomenon huonekana Julai mwishoni na Agosti. Kisha kuna maziwa na vidimbwi, ambavyo ni maelfu kwa maelfu. Hapa kina ndicho kinachoamua. Barafu ya huko hufika karibu mita 2, kwa hiyo kidimbwi cha mita 1 huganda mpaka chini na kila mwaka huanza upya kutokana na mayai yaliyolala kwenye tope. Hakina samaki, ndiyo maana utakuta Daphnia (viroboto wa maji) wakubwa na wale kamba wadogo wanaoogelea chali. Ziwa la mita 4 huweza kuvusha kopepoda wakubwa (jamii ndogo ya kamba) majira yote ya baridi. Mwisho ni mdomoni, ambako maji matamu hutandazika juu ya maji ya chumvi. Maji kujaa na kupwa ni kidogo upande ule. Upepo ndio unaosukuma chumvi ndani. Aina za maji matamu huanza kupungua chumvi ikiwa 1 au 2 kwa elfu, na kati ya 5 na 8 hubaki wachache wa maji matamu na wachache wa bahari. Kopepoda wa mchanganyiko kama Limnocalanus huwa ndio wenye eneo.

Kwa hiyo fanya hivi. Tafuta mtiririko wa kila siku wa Kyusyur. Rekodi zake zinaanzia miaka ya 1930. Weka alama siku ya kilele kwa kila mwaka, halafu futa safu ya tarehe na uweke "siku baada ya kilele". Gawa vituo kwa aina ya maji, si kwa jina la mkondo: upitishaji umeme uliorekebishwa, rangi ya maji, silika, chumvi. Badala ya joto la siku ile, tumia jumla ya nyuzi-siku (joto la kila siku likijumlishwa) tangu barafu ilipoondoka, kama takwimu zipo. Halafu linganisha sampuli za aina moja ya maji, zenye siku zinazokaribiana baada ya kilele, za miaka tofauti. Kama bado rotifera wamepanda na diatomu zimeshuka, hapo joto limeingia kwenye mazungumzo kihalali.

Suala la upitishaji umeme ni jepesi. Maji ya baridi hupitisha umeme kidogo hata kama madini ni yale yale. Kanuni: gawa namba ghafi kwa (1 + 0.0191 × (joto − 25)). Ukisoma 60 kwenye nyuzi 4, kigawanyo ni 0.599, unapata 100. Rufiji kwenye nyuzi 29 kigawanyo ni 1.076, kwa hiyo 150 inakuwa 139. Bila kurekebisha, tofauti ya madini unayoiona kwenye grafu ni ya kipimajoto. Jedwali lisilosema limefanya nini usilitumie mpaka ujue, kwa sababu vifaa vingi vya kisasa hurekebisha vyenyewe na ukirudia umeharibu mara ya pili. Mdomoni, chumvi ikishaingia, achana na hiyo namba, tumia chumvi yenyewe.

Bi_Hadubini

Mwenzangu hapo juu amemaliza upande wa mto. Mimi nijibu la tatu na la nne.

Wavu: mikroni 55. Takwimu za zamani za kaskazini nyingi zilichotwa kwa nyavu za hariri zenye matundu makubwa kidogo, na Keratella cochlearis hupenya kwenye wavu wa mikroni 100 bila kuaga. Kabla hujasema rotifera "wameongezeka" kati ya miaka miwili, hakikisha miaka hiyo ilitumia wavu mmoja. Hili peke yake limeshazalisha mabadiliko mengi ya tabianchi ya kwenye karatasi.

Kwenye maji yenye tope usivute wavu. Utaziba ndani ya mita chache, maji yatamwagika mdomoni badala ya kupita, na hesabu yako ya ujazo (eneo la mdomo mara umbali) itakuwa uongo. Mdomo wa sentimita 25 una eneo la mita za mraba 0.049, ukivuta mita 3 unadhani umechuja lita 147, kumbe zimepita 60. Tumia ndoo ya lita 10 iliyopimwa, mwaga ndoo 10 taratibu kupitia wavu, osha wavu kwa nje ili viumbe vilivyonasa vishuke, malizia kwenye chupa ya mililita 100. Hapo ukipata Keratella 30 kwenye mililita 1, una 30 kwa lita, yaani 30,000 kwa mita ya ujazo. Ila 30 ni kidogo: makosa ya kuhesabu ni takriban 2 gawanya kwa kipeuo cha pili cha idadi, kwa hiyo 30 ina wasiwasi wa asilimia 37, 100 ina 20, na 400 ina 10. Ongeza mililita mpaka aina kuu zifike angalau 100.

Kopepoda wakubwa hukwepa ndoo. Kama unawataka, chota kwa wavu mpana usiku au tumia pampu, na uripoti kando.

Dawa: zooplanktoni (wanyama) formalini, fitoplanktoni (mwani) lugoli, yaani maji ya iodini, usibadilishane. Mililita 10 za formalini ya dukani (asilimia 37) kwa mililita 90 za sampuli. Wapo wanaosoma "asilimia 4" wakaweka mililita 4 kwenye 100, halafu baada ya mwezi chupa inanuka. Weka boraksi kwenye chupa kuu ya formalini mpaka ibaki kidogo chini bila kuyeyuka, vinginevyo asidi itakula magamba. Ongeza sukari gramu 40 kwa lita ili kladosera (jamii ya Daphnia) wasivimbe na kumwaga mayai. Rotifera wasio na gamba wakikutana na formalini ghafla hujikunja wakawa vitone visivyo na jina. Mimina kwanza maji ya soda yasiyo na sukari, kiasi sawa na sampuli, subiri dakika 10, ndipo uweke formalini, ukikumbuka kwamba ujazo umeongezeka.

Lugoli: iodini gramu 10, potasiamu iodaidi gramu 20, maji mililita 200, asidi asetiki gramu 20. Yeyusha potasiamu kwanza, iodini baadaye, la sivyo haiyeyuki. Tone kwa tone mpaka sampuli iwe rangi ya chai nyepesi. Kwa joto letu rangi hupauka haraka, kagua kila mwezi uongeze. Tahadhari moja ya Rufiji ambayo watu wa Lena hawana: lugoli yenye asidi huyeyusha magamba ya chokaa ya mabuu ya chaza na kombe. Mdomoni chukua chupa ya pili bila asidi.

Tope la chini ya hadubini: umetuamisha maji mengi mno kwenye chemba, kile chombo cha kioo ambamo viumbe hushuka chini kabla ya kuhesabiwa. Usitumie mililita 50, chukua 10 au hata 5, ongeza maji yaliyochujwa ujaze chemba. Muda wa kutuama ni angalau saa 4 kwa kila sentimita ya kimo. Sampuli iliyotoka kwenye friji iache ifikie joto la chumba kwanza, la sivyo mapovu yatajaa kwenye kioo. Zima feni na uweke chemba mbali na kiyoyozi, kwenye meza iliyonyooka. Hewa ikipuliza upande mmoja, chembe zote zitakusanyika upande wa pili na hesabu ya mistari miwili itakudanganya.

Halafu hesabu diatomu zenye kitu ndani tu. Lugoli huwapa walio hai rangi ya kahawia; gamba tupu ni kioo. Wakati wa mafuriko magamba matupu yanayofukuliwa chini yanaweza kuwa mengi kuliko walio hai. Ukisafisha sampuli nzima kwa asidi ili uone mistari ya gamba, umefuta tofauti hiyo moja kwa moja. Safisha kipande kidogo kwa ajili ya majina, kingine uhesabu.

Na Aphanizomenon wana vifuko vya hewa, hawatuami. Wanaelea juu ya chemba wakati wewe unaangalia chini. Vuta sampuli kwenye sirinji, ziba mdomo, kandamiza kwa nguvu mara kadhaa vifuko vipasuke, ndipo uweke kwenye chemba.

Chembechembe_Dar

Asanteni sana, Bi Hadubini hilo la sirinji sikuwahi kulisikia. Kuna kipima klorofili cha kutumbukiza majini nitaazimwa. Kinafaa kuokoa muda Rufiji? Na kwenye maji ya rangi ya chai kama ya Lena, namba zake ziaminike?

Bi_Hadubini

Kinafaa kuonyesha wapi pa kuchota, hakifai kuwa namba ya tasnifu peke yake. Maji ya mikoko na maji ya Lena yana mabaki ya mimea yaliyoyeyuka ambayo nayo hung'aa yakimulikwa, kipima kikayahesabu kama klorofili. Chukua maji ya kituo hicho, yachuje kwa mikroni 0.2, yasome, toa namba hiyo. Tope nalo hupunguza usomaji kwa kuzuia mwanga, kwa hiyo makosa mawili yanavuta pande tofauti na huwezi kukisia lipi limeshinda.

Kwa kila siku ya kazi fanya vichujio vichache vya nyuzi za kioo: mililita 100 hadi 250 kwa maji ya tope, asetoni asilimia 90 mililita 10, usiku mzima kwenye friji gizani. Soma kwa spektrofotomita kwenye nanomita 750 na 664, weka asidi kidogo, subiri sekunde 90, soma 750 na 665. Bila hatua ya asidi, klorofili iliyokufa ya majani ya mikoko itaingia kwenye hesabu ya planktoni.

Kibangu_B

Mimi nina swali kwa mleta mada. Delta yenye barafu miezi minane na delta ya mikoko yenye maji kujaa na kupwa mita 3 hadi 4 wakati wa bamvu, unalinganisha nini hasa? Ungechukua Mackenzie ya Canada ulinganishe na Lena ningekuelewa. Mackenzie ina tope mara kadhaa zaidi ya Lena ingawa maji yake ni pungufu, na maziwa yake yamegawanywa vizuri kwa urefu wa kizingiti: yale yanayobaki wazi kwa mto majira yote, yanayofungika kiangazi, na yale ya juu ambayo hupata maji ya mto mwaka mmoja na kukosa mwingine. Huo mgawanyo ungekupa jaribio safi la muda wa maji kukaa.

Mkondo_Mkuu

Kibangu, hoja yako ina uzito, hasa hilo la maziwa ya Mackenzie. Mleta mada aazime mgawanyo huo hata kama hatumii takwimu zake.

Ila Lena na Rufiji wana kitu kimoja ambacho kinafaa sura nzima: bwawa. Vilyuy, tawi la Lena, una bwawa la umeme tangu miaka ya 1960, na linaachia maji mengi zaidi majira ya baridi kuliko mto ulivyokuwa ukifanya wenyewe. Kwa hiyo mtiririko wa baridi wa Lena ukionekana umepanda, sehemu ni bwawa na sehemu ni ardhi iliyoganda kuyeyuka na kuruhusu maji ya chini kupita. Mito sita mikubwa ya Eurasia inayoingia Aktiki iliongezeka kwa kama asilimia 7 kati ya 1936 na 1999, na watu huitaja namba hiyo bila kuuliza ni majira gani. Rufiji nayo ina bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa Desemba 2022. Bwawa hupunguza vilele, hunasa mchanga na huachia maji yaliyotulia ambayo tayari yana planktoni za ziwani. Ukikuta kladosera wengi wa ziwa kwenye mkondo wa juu wa delta, tazama juu mtoni kabla hujatazama kipimajoto.

Mleta mada, Rufiji usiweke "siku baada ya kilele" peke yake. Weka pia saa za maji. Kituo kimoja kikichotwa maji yakijaa na kingine yakipwa, umepima bahari na mto ukadhani umepima vituo viwili. Chota vyote saa ya mwisho ya maji kupwa, na urudie wakati wa bamvu na wakati wa maji mafu.

Chembechembe_Dar

Nimekuelewa, kaka. Kwenye uchambuzi nilipanga kuchukua vituo vyote vya mkondo mmoja kama marudio. Kuna shida?

Mkondo_Mkuu

Ipo. Vituo vitano vya mkondo mmoja siku moja ni maji yale yale yaliyochotwa mara tano. Marudio yako ni mikondo na miaka. Kwenye jaribio la kuchanganya nasibu, changanya miaka ndani ya mkondo huku vituo vya siku moja vikienda pamoja, usichanganye jedwali zima, la sivyo kila kitu kitatoka na umuhimu wa kitakwimu.

Kabla ya hapo linganisha majina. Orodha za zamani zinaandika Melosira kwa zinazoitwa leo Aulacoseira, na Anabaena kwa nyingi za Dolichospermum. Programu haijui, itakuhesabia aina moja "imetoweka" na nyingine "imeingia". Aina zilizotambuliwa kwa viwango tofauti zipandishe zote hadi jenasi. Idadi zibadilishe kwa logi ya x jumlisha 1 ili Aulacoseira isifunike wengine wote, na uondoe aina zilizoonekana kituo kimoja tu.

Kemia ya maji ya Lena iliyochukuliwa kwa mfululizo tangu 2003 ni ya Zhigansk, mbali juu ya delta. Ni nzuri kwa kujua mto umeleta nini, lakini usiiandike kana kwamba ni ya Samoylov, kisiwa cha watafiti kilichomo deltani.

Bi_Hadubini

Na kwenye zooplanktoni za tope, tone la rangi ya rozi bengali siku moja kabla ya kuhesabu. Waliokuwa hai wanakuwa waridi, uchafu na maganda matupu hubaki kijivu. Msimbazi vaa glavu ndefu, na chupa za huko usizichanganye na za Rufiji.